Dhahabu ya Rangwi na Sanduku Langu la Vitabu

Wiki nzima nimekuwa nikisimulia kisa hiki vipandevipande. Mama Deo nilimpa nusu sokoni, Shaibu akapata mwisho bila mwanzo, na wengine mmesikia tu kwamba Mwalimu Agnes nusura apigwe na watu wenye majembe huko milimani. Sikupigwa. Haya, kaeni niwape chote, kuanzia stendi.

Kwa wale wageni wa kundi letu: sisi ni wasomaji saba wa Morogoro, tunakutana kila Alhamisi kwenye maktaba ya shule ninayoitunza, tunasoma historia na kubishana. Neema ni mwanafunzi wangu wa zamani. Siku hizi ni mwanaakiolojia, mtu anayefukua ardhi taratibu kwa mwiko na brashi ili ajue watu wa kale waliishije. Alinipigia simu kutoka Rangwi, milima ya Usambara. Mkulima mmoja, Mzee Mbwana, alikuwa akikata tuta jipya la viazi akakutana na vigae vya vyungu na mawe meusi mazito. Neema alipoyaona akajua pale paliwahi kuwa na tanuri la kuyeyushia chuma. Mzee Mbwana akampa wiki mbili. Baada ya Jumamosi ya pili viazi vingeingia, maana mvua haimngoji mtu.

"Mwalimu, njoo uone kabla hatujafukia," akaniambia. "Na uniletee vitabu. Vyangu nimevimaliza."

Mnakumbuka tulivyogombana tuchague vitabu gani. Mwishowe nikafunga ishirini na viwili kwenye boksi la sabuni, nikalizungushia utepe wa gundi na kamba ya katani, nikaondoka nalo.

Morogoro hadi Mombo

Kondakta aliliinua boksi langu mara moja, akalirudisha chini.

"Mama, umeweka nini humu? Mawe?"

"Historia."

"Basi wazee wetu waliishi maisha mazito," akasema, akamwita mwenzake wamsaidie.

Hadi Chalinze tulikwenda vizuri. Karibu na Segera mkanda wa injini ukakatika, tukakaa kando ya barabara kwa saa mbili na nusu. Dereva alienda kutafuta mkanda mwingine, akarudi na mkanda na machungwa ya Muheza gunia zima, akatuuzia sisi sisi tuliokuwa tukimngoja. Hakuna aliyekasirika, machungwa yalikuwa matamu. Niliyala matano, na mikono ikanata mpaka Korogwe.

Chai ya Mombo

Mombo ndipo unaposhuka kama unapanda Lushoto, na ndipo nilipoharibu kila kitu kwa mdomo wangu.

Niliingia mgahawani nikaagiza chai ya maziwa, chapati na maharage. Mezani alikuwepo bwana mmoja wa makamo mwenye kofia nyekundu, muuza vipuri vya pikipiki. Akanisalimu vizuri, akaniuliza ninakwenda wapi. Mnanijua. Mtu akiniuliza swali la shilingi mimi humpa jibu la elfu.

"Nakwenda Rangwi, baba. Wamefukua pale mali ya watu wa kale. Hazina kubwa!"

"Hazina?"

"Tena hazina isiyo na bei."

Akaangalia boksi langu. "Na humo?"

Nikalipiga boksi kofi la mapenzi. "Humu mna maelezo yote."

Mimi nilisema hazina nikimaanisha urithi wetu, vigae na kumbukumbu. Yeye alisikia hazina. Aliinuka akatoka nje na simu sikioni, chapati yake ya moto ameiacha nusu. Mtu kuacha chapati ya moto Mombo ni jambo la kumshtua yeyote. Mimi nikajiambia kumbe bado kuna watu wanaoipenda historia, nikaimalizia ile chapati.

Soni, tukingoja kifusi kiondolewe

Barabara ya kupanda imechongwa ubavuni mwa mlima. Ukitazama upande mmoja ni mwamba, upande wa pili ni hewa. Kabla ya Soni udongo ulikuwa umeporomoka usiku wa kuamkia siku ile, ukaziba njia. Tukashuka wote kungoja tingatinga liuzoe. Baridi ikaanza kunipenya kwenye viatu vya wazi, viatu vya mtu wa Morogoro.

Mama mmoja aliyekuwa akiuza plamsi na peasi akanijia. "Onga mshi," akasema.

Kwa kuwa alikuwa mdogo kwangu, nilidhani ananiamkia. "Marahaba," nikajibu.

Wanawake wenzake wakacheka mpaka wakashikana. Mmoja akanifafanulia kwamba hiyo ni salamu ya mchana ya Kishambaa, na jibu lake ni "Niwedi", yaani sijambo. Nikajibu upya, nikapigiwa makofi. Kisha yule mama akainama sikioni mwangu.

"Eti wewe ndiye mwenye ramani ya Wajerumani?"

"Ramani gani?"

"Sawa, sawa," akasema, akinikonyeza. Akaniongezea peasi nne juu ya nilizonunua. "Ukifanikiwa usitusahau."

Nilidhani amenifananisha. Peasi nilizila.

Lushoto, na asubuhi ya Irente

Nililala nyumba ya wageni ya Mama Rozi, mama wa Kilutheri mwenye sauti ya kwaya. Alinipikia bada, ugali wa muhogo, kwa kisamvu kilichoungwa vizuri, nikala mpaka nikaona haya. Kabla hatujaagana akaniombea. Aliomba afya yangu, akaomba njia iwe salama, halafu akaomba "dhahabu isimgeuze moyo mtumishi wako huyu." Nikafumbua jicho moja. Yeye alikuwa amefumba yote mawili, kwa hiyo nikaitikia Amina.

Asubuhi nilitembea hadi Irente kumnunulia Neema jibini na jamu. Pale juu unapotazama tambarare chini, nikamkuta mwongoza wageni akiota jua. Nikamwuliza habari za huku.

"Huku kuna habari, mama! Kuna mwanamke kaja, mjukuu wa Mjerumani aliyeficha dhahabu Rangwi wakati wa vita. Babu yake kamwachia ramani. Ana mashine ya kunusia dhahabu."

"Mjukuu wa Mjerumani! Mweupe?"

"Mweupe pee!"

Wenzangu, mnanijua nilivyo mweusi, mimi na chungu cha maharage ni ndugu. Nilicheka mpaka kipande cha jibini kikanipalia.

"Na watu watamtambuaje?" nikamwuliza.

"Kwa boksi. Ana boksi la sabuni limefungwa kamba. Zito sana! Watu wameondoka na pikipiki tangu alfajiri ili wawahi."

Kicheko kikaisha palepale. Nikaona yote kwa mpigo: kofia nyekundu, peasi za bure, sala ya Mama Rozi. Nikaliona na shimo la Neema, alilofukua kwa brashi wiki mbili, likivamiwa na majembe. Nikampigia simu. Haikupatikana. Nikarudi Lushoto nikikimbia, na mara ya mwisho mimi kukimbia wengi wenu mlikuwa hamjazaliwa.

Ndani ya fuso la kabichi

Gari pekee lililokuwa likienda Rangwi saa ile ni fuso la Bwana Hizza, likipanda tupu kuchukua kabichi. Akanikaribisha mbele pamoja na boksi. Hizza ni mtu mwema, na wema wake siku ile ulikaribia kuniua. Alisimama kushusha godoro la shemeji yake. Akasimama tena kwenye msiba, akaniambia si vizuri kupita bila kutoa pole. Nikashuka nami nikatoa pole kwa watu nisiowajua, nikapewa makande, nikala nikiwa na haraka, na makande hayaliki kwa haraka.

Ndani ya msitu wa Magamba ukungu ulishuka tukaenda mwendo wa kinyonga. Pikipiki zikatupita moja baada ya nyingine, kila moja ina mtu wa nyuma, na kila mtu wa nyuma ana jembe.

"Leo watu wana moyo wa kulima," Hizza akasema.

Nikalikumbatia boksi langu, nikanyamaza. Shaibu, wewe unayesema siwezi kunyamaza, ungekuwepo.

Rangwi, ukingoni mwa shimo

Shamba la Mzee Mbwana liko kwenye mteremko juu ya bonde la mboga. Watu walikuwa kama arobaini. Katikati, ndani ya kamba nyeupe zilizogawa shimo viboksiviboksi, alisimama Neema, mikono ameitandaza kama kuku anayekinga vifaranga. Mzee Mbwana, mtu mwembamba mwenye kanzu na koti zito, alikuwa karibu naye akiwasihi watu wasikanyage. Mwenyekiti wa kitongoji alikuwa akiwataka wote wasubiri. Wakimngoja nani? Mimi.

Neema aliponiona hakuniamkia. Tangu akiwa kidato cha kwanza hajawahi kukutana nami bila shikamoo.

"Mwalimu, umewaambia nini hawa watu?"

Niliona aibu. "Nimeropoka, Neema. Mombo. Nisamehe."

"Wiki mbili, Mwalimu! Mtu mmoja akiruka humu ndani, basi." Akageuza uso.

Mwenyekiti akaniomba nilifungue boksi mbele ya wote. Nikakata kamba. Watu wakasogea. Nikatoa kitabu cha kwanza, cha pili, cha kumi, mpaka boksi likabaki na vumbi.

"Mashine iko wapi?" mmoja akauliza.

"Hakuna mashine. Ni vitabu."

"Basi ramani imo ndani ya vitabu," akasema mwingine, na wote wakaona ametoa wazo la maana.

Sasa nikapata akili, ya kwanza tangu Mombo. "Vigaweni," nikawaambia. "Kila mtu atafute. Ila mketi kule kwenye nyasi, mbali na shimo, na kurasa zishikwe kwa mikono mikavu."

Wenzangu, miaka kumi na mmoja tumehangaika kupata msomaji wa nane. Siku ile niliwapata arobaini, vichwa vitatu vitatu juu ya kitabu kimoja, vidole vikifuata mistari, majembe yamelala. Wanaojua kusoma wakawasomea wasioona vizuri. Ramani haikuonekana, lakini vitu vingine vikaanza kuonekana. Kundi moja lilikuwa na kile kitabu cha wafua chuma, mzee mmoja akakatiza.

"Hapo kaandika mvukuto wa kupulizia moto ni wa ngozi ya mbuzi. Sawa. Lakini hakusema ngozi inavuliwaje nzima bila kupasuliwa tumbo. Hajui huyo."

"Anajua, ila kafupisha," mwingine akamtetea mwandishi kama vile ni jirani yake. Wakabishana. Nikajisikia niko Morogoro, Alhamisi.

Neema alikuwa ametulia. Akawaita watano watano kwenye ukingo, akawaonyesha udongo ulioiva kwa moto ukawa mwekundu, vipande vya mabomba ya udongo yaliyopeleka upepo wa mvukuto ndani ya tanuri, na yale mawe meusi. Mtu akauliza mawe yale yanaitwaje. Neema akajibu bila utani kwamba ni takataka inayobaki chuma kikishatoka, na jina lake ni mavi ya chuma.

Watu wakayatazama upya yale mawe.

"Yaani nimetoka Mombo," ikasema sauti, "nimepanda mlima wote huu, nimefuata mavi?"

Ilikuwa kofia nyekundu. Watu walicheka mpaka Mzee Mbwana akakaa chini. Baada ya hapo hakuna aliyelishika tena jembe lake kwa nia mbaya. Yule bwana akanijia polepole.

"Mama, ulisema hazina."

"Nilisema."

"Isiyo na bei."

"Nilisema pia."

"Kumbe maana yake haiuzwi."

"Haiuzwi, baba."

Akafikiri. "Ungenifafanulia palepale Mombo, ningemaliza chapati yangu."

Sikumwambia nani aliimaliza.

Bi Halima na kigae

Watu walipoanza kutawanyika, akatokea mama mzazi wa Mzee Mbwana, Bi Halima, anakuja na fimbo na hasira, kwa kuwa kuna waliokanyaga maharage yake. Nikamwamkia, akaitikia marahaba bila kunitazama, kisha akamsema mwanawe kwa Kishambaa kwa muda mrefu. Mzee Mbwana, mwenye wajukuu sita, akainamisha kichwa kama mtoto wa shule.

Alipomaliza, macho yake yakaangukia meza ya Neema. Kulikuwa na kipande kikubwa cha shingo ya chungu, kina nakshi ya mistari ya mshazari kuzunguka. Sehemu moja mistari ilikuwa imesongamana, imebanana pamoja. Neema alikuwa amekichora kwenye daftari lake, na pembeni ya ile sehemu ameandika kwa penseli: huenda ni alama ya ukoo.

Bi Halima alikuwa mfinyanzi mpaka ndoo za plastiki zilipomstaafisha. Akakichukua kigae bila kuomba ruhusa. Neema akafungua mdomo, nikamkanyaga mguu.

"Huyu alikuwa anajifunza," Bi Halima akasema.

"Umejuaje, bibi?"

"Angalia. Kaanzia hapa, mistari iko mbalimbali. Kazunguka, kazunguka, kafika huku anakuta nafasi imekwisha, mistari haikutani. Akaibana. Hapa kapitisha kidole afute, akaona anaharibu zaidi, akaacha." Akakizungusha kigae kwenye mwanga. "Si alama ya ukoo. Ni mtoto kakosea."

Neema alimtazama, akatazama daftari. Akatafuta kifutio.

"Ila usimcheke," Bi Halima akaendelea. "Na mimi cha kwanza nilikifanya hivihivi. Nikamwambia mama ni mtindo mpya."

"Akakubali?"

"Mama yangu? Alinitazama tu. Lakini aliponyanyua vyake kwenda kuvichoma, akakinyanyua na changu."

Nikauliza hicho cha kwenye kigae kina umri gani. Neema akagoma kutaja; makaa lazima yapimwe kwanza maabara, na yeye si mtu wa kubahatisha. Kwa hiyo msiniulize. Najua tu kwamba mahali pale, muda mrefu uliopita, watu wakiyeyusha chuma, kulikuwa na mtu aliyehesabu vibaya mistari yake na akatumaini hakuna atakayeona.

Kuhusu vitabu, kabla sijasahau

Mmeniuliza tusome nini sasa. Nawajibu kwa ushahidi wa udongo. Kile cha wafua chuma kimerudi na alama za vidole karibu kila ukurasa, anzeni nacho. Cha simulizi za wazee someni mkiwa na mzee wa kukipinga, peke yake kinalaza. Kile chembamba cha namna ya kusoma matabaka ya udongo, tulichokidharau, Hizza amekiazima na sidhani kitarudi. Na kile cha jalada gumu chenye picha za rangi, kilichotufanya tununiane na Mama Deo, watu walikifungua mara moja, wakakitumia kuwekea vikombe.

Siku ya kufukia

Jumamosi asubuhi vipimo vilikuwa vimekwisha, vigae vimo mifukoni vimeandikwa majina. Neema aliniambia kwamba wakifukia shimo huacha chini kitu cha siku hizi, ili atakayekuja kufukua baadaye ajue wenzake waliishia wapi. Kwa kawaida ni sarafu. Akatoa sarafu mfukoni.

"Neema," nikamwambia, "mtu mmoja akikuona unafukia pesa shambani hapa, hatutoki Rangwi."

Akairudisha upesi. Tukaanza kutafuta kitu kingine. Mzee Mbwana akaleta chupa ya soda, Neema akasema itafaa.

Bi Halima alikuwa amekaa kwenye gogo akitusikiliza. Akainuka, akaingia jikoni kwake, akakawia. Aliporudi alikuwa na chungu kidogo, cheusi kwa moshi wa miaka, ambacho alikuwa akiwekea mbegu za maharage. Akazimimina mbegu kwenye kanga yake, akafunga fundo, akampa Neema chungu.

Mistari ilianza kwa mapana, ikazunguka, ikaishia kubanana.

"Mama, hicho?" Mzee Mbwana akasema. "Hicho si ulikataza hata kisioshwe na mtu mwingine?"

"Nimekaa nacho vya kutosha. Wajukuu zako watakitupa siku ya arobaini yangu." Akamgeukia Neema. "Kiweke pale ulipokitoa cha yule mwenzangu."

Neema alishuka shimoni, akakiweka kimesimama, akakizungushia vijiwe kisianguke. Alipopanda, macho yake yalikuwa mekundu, akasingizia vumbi, na udongo wa Rangwi asubuhi ile ulikuwa umelowa umande.

Mzee Mbwana akachota udongo kwa koleo, akaumwaga. Bonge la kwanza likagonga ukingo wa chungu, kikatoa sauti ndogo. Bi Halima akashtuka kama mtu aliyeitwa jina.

"Si kwa koleo," akasema.

Mzee Mbwana akaliweka koleo pembeni, akapiga magoti na koti lake lile. Neema akapiga magoti, nami nikashuka taratibu na magoti yangu haya mnayoyajua. Tukasukuma udongo kwa viganja, kidogokidogo, tukiyasaga mabonge, mpaka shingo ya chungu ikafunikwa, na mistari yake, na mdomo. Bi Halima alisimama akitazama hadi usawa ulipofika juu. Kisha akafungua fundo la kanga, akachagua mbegu tatu, akazifukia pale kwa kidole gumba.

"Viazi uvianzie kule," akamwambia mwanawe.